Kaburi la Baba Mkwe Liliimba Nyimbo za Baa

Mwenye makosa ni mimi. Nasema mapema ili usije ukafika katikati ukaanza kunihurumia. Usinihurumie! Niliweka baa juu ya kaburi la baba wa mchumba wangu, na nilifanya hivyo kwa akili zangu timamu, nimekula nimeshiba.

Jina langu liacheni. Busia ni ndogo, na nusu yake inajua tayari.

Nina kaduka upande wa Uganda, karibu sana na mpaka. Napiga fotokopi, nachapisha kadi za harusi na ratiba za mazishi, nalaminisha vitambulisho kwa plastiki. Halafu nikaingia kwenye kazi ya vimraba. Unavijua vile vimraba vyenye madoadoa meusi: unaelekeza kamera ya simu, orodha ya nyimbo inafunguka, muziki unalia. Mwenye saluni anataka kimoja kwenye kioo. Mtu wa bodaboda anataka kimoja mgongoni mwa jaketi ili abiria achague mwenyewe wimbo wa safari. Mimi nakusanya nyimbo mtandaoni, napanga orodha, natoa kimraba, nabandika. Anayetaka kitu cha kudumu nampeleka kwa fundi upande wa Kenya, anachonga kwenye kibao cha chuma.

Kuna jambo moja lazima ulijue kuhusu kazi hii, maana ndilo lililonimaliza. Kimraba kikishachongwa hakibadiliki. Lakini orodha iliyo nyuma yake naibadilisha mimi kwenye simu yangu, saa yoyote nikitaka. Leo kinapiga rumba, kesho kinapiga kwaya, na kibao ni kile kile. Mimi nikaona huo ni ujanja. Loo!

Mteja wangu wa kwanza wa vibao alikuwa Nabwire, mama mwenye baa hapa hapa mjini. Alitaka kila meza iwe na kibao, mlevi akikiskani kwa simu asikie nyimbo za baa. Nikamchongea kumi na viwili, meza zake zilikuwa kumi, viwili vikabaki kwenye droo yangu. Haukupita muda, upepo ukabeba mabati ya baa. Nabwire akaja kuniaga. "Mimi nimechoka na baa," akasema. "Nakwenda lima mihogo."

Nikaamini. Wewe usingeamini?

Wakati huo nilikuwa nimeshampenda Athieno. Anashona nguo Tororo mjini, kwao ni Kirewa. Baba yake alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu wa kanisa kutoka utosini hadi unyayoni, na alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Familia ilipojengea kaburi simenti na vigae, Athieno alinionyesha simu yake ya zamani. Ndani yake kulikuwa na sauti ya Mzee akiongoza kwaya. Sauti nzito. Katikati ya wimbo anakohoa kidogo, halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea.

Nikajitolea. Nikasema nitamtengenezea Mzee kibao cha kaburini, zawadi ya mkwe mtarajiwa. Mama akitaka kumsikia mumewe, aelekeze simu tu.

Sasa sikiliza uvivu wangu. Kibao kipya maana yake kuvuka mpaka, kumbembeleza fundi, kusubiri wiki mbili. Na vibao viwili vya Nabwire vilikuwa kwenye droo, vinang'aa. Nikafuta nyimbo zote za baa kwenye ile orodha, nikapandisha sauti ya Mzee, nikaongeza nyimbo za kanisa. Nikachukua kibao kimoja, nikakifuta kwa kitambaa, nikaenda Kirewa kukizamisha kwenye simenti mbichi.

Tena nikasema uongo kwa mdomo huu. "Mwambie Mama," nilimwambia Athieno, "kibao hiki ni cha Mzee peke yake. Duniani hakuna kingine."

Kilikuwa na ndugu zake kumi na mmoja!

Nilisema kupitia kwa Athieno kwa sababu kwetu Wasamia, na kwao Jopadhola vile vile, mtu na mama mkwe wake hawachezi. Hampeani mikono. Hamtazamani usoni. Yeye akipita hapa wewe unapita kule. Siku ile Mama alisimama ametupa mgongo, akaskani kwa simu ambayo Athieno alimnunulia, na sauti ya mumewe ikatoka. Mabega yakaanza kutikisika. Alisikiliza mpaka mwisho, akamnong'oneza binti yake.

"Mama anasema umemrudishia mtu," Athieno akaniambia.

Nilirudi Busia nimevimba kifua. Baba wa watu nimemfufua kwa droo!

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja nikiwa nalaminisha, Nabwire akaingia dukani bila hodi.

"Wewe! Unataka kuniua?"

"Shikamoo, mama Nabwire. Mihogo vipi?"

"Wacha mihogo! Mimi nimefungua baa tangu juzi. Watu yangu wanaskani meza, meza inaimba kanisa! Mzee mmoja analia, mwingine amesimama, ameombea watu yote, chupa amewacha hapo imejaa! Mimi nauza pombe, mimi sio padri!"

"Lakini mama, wewe si ulisema unakwenda kulima?"

"Nililima. Nimerudi. Rudisha nyimbo yangu leo leo!"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angefunga duka, avuke mpaka, achonge kibao kipya kwa ajili ya kaburi. Lakini kile cha kaburini kilikuwa ndani ya simenti na vigae. Kukibandua ningehitaji tindo na nyundo, na Mama angeuliza kwa nini, na ningelazimika kusema kwamba kitu cha mumewe kilikuwa cha baa. Niliogopa. Na ukinichimba zaidi utakuta nilikuwa naona uvivu.

Nikakaa nikafikiri. Mama anakwenda kaburini Jumapili baada ya ibada, pamoja na watoto. Nabwire Jumapili mchana hafungui. Basi, tatizo liko wapi? Nikapanga ratiba. Jumapili asubuhi naweka nyimbo za kanisa, Jumapili jioni narudisha za baa. Kwenye simu nikaweka kengele mbili. Moja nikaiita MBINGUNI, nyingine DUNIANI.

Msicheke! Au chekeni, nami nilicheka. Miezi minne mpango ulikwenda bila kukwama. Kila Jumapili asubuhi Mzee alikuwa anaokoka, jioni anarudi baa. Nilijiona fundi asiye na mfano Busia nzima.

Halafu ikaja siku ya kumbukumbu ya Mzee. Familia iliiweka Jumamosi. Ibada kaburini, chakula, halafu wazee wakae na mimi watoe jibu kuhusu Athieno. Jibu lenyewe nilikuwa nimeshalinusa. Athieno alikuwa ameshapewa kitambaa na shangazi yake, anajishonea gauni.

Asubuhi ya Jumamosi nikasimama mlangoni mwa duka, nikabadilisha orodha. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, nikaona kimepotea, nikaiweka simu mfukoni. Ndugu yangu, kwetu mpakani simu ina uraia wa nchi mbili. Ukisogea hatua mbili inashika mtandao wa Kenya, na bando lako la Uganda linakaa pale linakutazama tu. Sikuangalia juu ya kioo ni mtandao wa nchi gani. Nilikuwa nawaza suti.

Nikapanda pikipiki, nikapita Tororo, nikapita Nagongera siku ya soko nikagombana na mbuzi njiani, nikafika Kirewa saa nne. Ningeskani mara moja tu nihakikishe, nisingekuwa naandika haya. Lakini mkwe mtarajiwa hafiki kwa watu akaenda moja kwa moja kuchezea kaburi. Unakaa unapoonyeshwa, unainamisha kichwa. Nikakaa, nikainamisha.

Katekista aliposali akasema, "Sasa Mama atufungulie sauti ya mwalimu wetu." Simu ya Mama ilikuwa imeunganishwa na spika kubwa la kwaya, ili hata waliokuwa jikoni wasikie.

Mama hakusogea. Akasema kwa sauti ndogo, leo tuimbe kwa mdomo tu, inatosha.

Watu wakadhani ni uchungu. Katekista akambembeleza. Na mimi, mimi huyu mwenye kiherehere, nikainua kichwa nikasema, "Mama asiogope, iko tayari kabisa."

Mungu anisamehe kwa neno lile kabisa.

Mama akaenda, akaelekeza simu. Gitaa likaanza. Ngoma ikaingia. Halafu jamaa mmoja akapiga kelele kutoka kwenye spika, akatikisa Kirewa yote: "Amka bwana! Chupa haijaisha! Amka bwana! Mke hayuko nyumbani!"

Shangazi wa Athieno, ambaye sikio moja ni zito, alisikia "amka" inatoka upande wa kaburi. Hakuuliza mara mbili. Alikimbia na sahani ya wali mkononi, na nusu ya wanawake wakamfuata bila kujua wanakimbia nini. Katekista alifunika uso kwa kitabu.

Mama yeye hakushtuka. Hicho ndicho kilichonichoma. Alifumba macho tu, akasema kwa lugha yao, na Kidhopadhola changu kidogo kilitosha kuelewa: "Hata leo, baba Athieno? Hata leo, mbele ya katekista?"

Sikuelewa maana yake. Nilichojua ni kwamba wimbo lazima uzimwe. Nikaruka viti viwili, nikaishika ile simu. Mama akaikumbatia kifuani. Nikavuta. Viatu vyake vikateleza kwenye vigae, akayumba, akawa anaanguka chali juu ya kaburi la mumewe. Ningefanya nini? Nikamdaka kwa mikono miwili.

Jamani! Nilimkumbatia mama mkwe! Mbele ya ukoo mzima, suti imebana mgongoni, na yule jamaa bado anapiga kelele kwamba mke hayuko nyumbani!

Vijana walinitoa pale kwa kola. Wakanikalisha chini ya turubai, wazee mbele yangu kwenye viti vya plastiki. Baba mdogo wa Athieno ndiye aliyeuliza.

"Wewe kijana, sema. Huyu wimbo umetoka wapi?"

Nilikuwa na uongo tayari. Mtandao, wazee wangu! Mtandao umeingiliana! Uganda nzima hakuna mtu asiyeamini ubaya wa mtandao. Nikafungua mdomo, na kabla sijasema, Athieno akaja kutoka nyumbani. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama anasema mwacheni," akasema. "Anasema kosa sio yake. Huo wimbo Mama anaujua."

"Anaujua wapi?"

"Hapo kaburini. Kila Jumatano anakwenda peke yake kupalilia maua. Akiskani, unalia huo, na mingine kama huo. Jumapili tukiwa sote, zinalia za kanisa. Mama anasema Baba alikuwa na mtu huko Busia. Anasema alikuwa mtakatifu mbele yetu, na akibaki peke yake anarudi kwa watu wake. Miezi minne Mama hajalala vizuri. Alinyamaza ili sisi watoto tusijue."

Unaelewa? Nilikuwa nimeokoka! Mjane mwenyewe amenitoa hatiani, ameweka kosa kwa marehemu, na marehemu hawezi kukana. Ningenyamaza tu, ningekula chakula, ningepewa Athieno.

Na nikanyamaza. Hilo ndilo ungamo lenyewe, mengine yote ni maneno ya njiani. Nilikaa kimya nikitazama viatu vyangu, na ndani ya moyo nikasema, asante Mungu.

Halafu baba mdogo akaguna. "Kweli," akasema, "marehemu alipenda kwenda Busia."

"Alisema anakwenda nunua kitambaa ya kwaya," mzee mwingine akadakia.

"Kitambaa gani kila mwezi?"

"Na siku moja alirudi amenyoa ndevu."

Kila mtu akaanza kukumbuka! Mtu aliyefundisha watoto wao kuimba miaka yote hiyo, wakamvua heshima pale pale, kipande kwa kipande, na wengine wanatikisa vichwa kama walijua siku nyingi. Athieno alisimama anasikiliza watu wakimzika baba yake mara ya pili. Hakulia. Alikuwa anavuta vuta ukingo wa lile gauni alilojishonea.

Nikasimama.

"Mzee hakuwa na mtu Busia," nikasema. "Mwenye Busia ni mimi."

Nikasema yote. Droo, Nabwire, meza kumi, ratiba, hata majina ya zile kengele mbili nikayataja. Niliposema DUNIANI kijana mmoja nyuma alicheka, akapigwa konzi. Wengine hawakucheka.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa jiko, akisikia. Athieno alimwendea, akamtafsiria neno kwa neno. Halafu tukamwona Mama anatoka, anapita mbali nasi, anakwenda kaburini. Akakaa kwenye vigae. Akaanza kuongea na mumewe, taratibu, mkono anaupitisha pitisha kwenye simenti. Hakuna aliyenitafsiria, wala sikuomba. Mtu mzima akiomba msamaha kwa marehemu kwa kosa ambalo wewe ndiye umemfanyisha, unatamani ardhi ipasuke.

Athieno alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Nilidhani atanitukana, ingenifaa.

"Mimi nilikuwa nakutetea kwa Mama," akasema. "Nilimwambia huyu ni mtu wa kweli. Sasa sijui kama naweza kuolewa na mtu mwenye Jumapili yake na Jumatano yake."

Nikawasha pikipiki, ikazima. Nikawasha tena.

Kuhusu kumshika Mama, wazee walisema hilo lina taratibu zake, nikazifuata zote bila kubisha. Kibao nilikwenda kukibandua mwenyewe kwa tindo, jasho linanitoka, baba mdogo amenisimamia. Nabwire nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Alisema yule mzee aliyeacha chupa imejaa mezani hajarudi kunywa mpaka leo. Sijui nijivunie au nimwombe mama huyu radhi.

Nikachonga kibao kipya, cha Mzee kweli, cha peke yake. Nikakipeleka Kirewa nimekifunga kwa kitambaa cheupe. Kikarudishwa. Athieno akaleta maneno ya mama yake, na akayasema bila kunitazama.

"Mama anasema hataki chuma tena. Chuma kinasema unachokiambia. Anasema wimbo wa Baba ujifunze mwenyewe, uje uuimbe hapo kwa mdomo wako. Kila Jumapili. Mpaka aseme basi."

Mimi sijawahi kuimba! Shuleni mwalimu alinitoa kwenye kwaya akanipa kazi ya kubeba viti. Lakini nilikwenda. Nimesimama mbele ya kaburi Jumapili nyingi sasa, nimeshika karatasi ya maneno ya Kidhopadhola ambayo nusu siyaelewi, nabweka, na watoto wa jirani wanakuja kwa makundi kutazama. Mama anakaa nyuma ya kona ya nyumba, simwoni. Mara ya kwanza alituma neno kwamba ubeti wa pili nauharibu. Mara nyingine alituma neno kwamba Mzee alikuwa anapumua kabla ya pale, si baada. Athieno anakaa katikati yetu na uso wake mgumu. Kuhusu ndoa hajasema ndiyo, hajasema hapana, na gauni silioni tena.

Jumapili iliyopita nilimaliza wimbo wote bila kukosea. Nikasubiri. Athieno akaja kutoka kule kwenye kona.

"Mama anasema kuanzia wiki hii uje na Jumatano."

Nilitazama chini. Nililia, sifichi. Jumatano ndiyo siku niliyomwibia.

Basi nyinyi mnaofanya kazi hizi za vimraba, na nyinyi wengine wote mnaopenda njia ya mkato, nawasihi. Mtu akikuletea cha marehemu wake, tengeneza kipya. Usimpe kilichobaki kwenye droo, hata kama kinang'aa, hata kama hakuna jicho linaloweza kutofautisha. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla watu hawajaanza kukumbuka mambo. Mimi nilichelewa miezi saba na kidogo, na anayelipa si mimi peke yangu.

Naishia hapa. Nimeandika kibandiko mlangoni kwamba Jumatano duka halifunguliwi, na kutoka Busia hadi Kirewa ni mbali.